Miunganisho Minane: Kisa cha Kuhama Kutoka Tomcat 7 Kwenda Tomcat 9

Programu inayozungumziwa hapa ni ya kusajili majalada na kufuatilia yalipofikia. Ilikuwa imekaa juu ya Apache Tomcat 7, seva ya kuendeshea programu za wavuti zilizoandikwa kwa Java, kwa miaka mingi bila kuguswa, kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi, na kitu kinachofanya kazi hakuna anayependa kukifungua. Tuliihamishia Tomcat 9 baada ya wiki mbili za maandalizi na usiku mmoja wa utekelezaji. Uhamisho wenyewe ulikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Kilichotuangusha ni faili fupi la mipangilio ya kanzidata, lenye sifa zisizozidi dazeni moja, ambalo tulilinakili kama lilivyo kwa sababu lilionekana halina jambo.

Sababu ya kuhama haikuwa na ubishi. Msaada wa Tomcat 7 ulikoma tarehe 31 Machi 2021, na tangu hapo kasoro yoyote ya usalama inayogunduliwa humo haina anayeitengenezea kiraka. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2020, kulikuwa kumetangazwa udhaifu uliopewa namba CVE-2020-1938, ambao wengi wanaujua kwa jina la Ghostcat: mtu aliyeweza kuifikia poti 8009, inayotumiwa na itifaki ya AJP (lugha ambayo seva ya mbele inaweza kuzungumza nayo na Tomcat), aliweza kusoma mafaili yaliyomo ndani ya programu, yakiwemo yale ambayo seva kwa kawaida haimwonyeshi mtu wa nje. Udhaifu huo ulizibwa katika matoleo 7.0.100, 8.5.51 na 9.0.31. Sisi tulikuwa nyuma ya 7.0.100, na nenosiri letu la kanzidata lilikuwa ndani ya META-INF/context.xml, yaani mahali hasa ambapo mwizi angeanza kutafuta.

Tulichagua toleo la 9 badala ya la 10 kwa sababu moja. Kuanzia Tomcat 10, majina ya vifurushi yaliyokuwa yakianza na javax.servlet yamebadilishwa kuwa jakarta.servlet, kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa majina ya zamani haifanyi kazi hadi ibadilishwe msimbo wake au ipitishwe kwenye zana ya ubadilishaji inayotolewa na mradi wa Tomcat wenyewe. Zana hiyo ni nzuri. Hata hivyo, programu yetu ilikuwa imebeba maktaba kadhaa ambazo hakuna tena anayezitunza, na sikutaka siku ya matatizo nianze kujiuliza kama kosa limetokana na seva mpya, na majina mapya, au na zana iliyoyageuza. Tomcat 9 inahitaji Java 8 au zaidi, basi tulipanda kutoka Java 7 hadi Java 8 na tukaishia hapo.

Faili la server.xml, lenye mipangilio ya seva yenyewe, tulilishughulikia kwa uangalifu wote. Hatukulinakili, tulianza na lile linalokuja na Tomcat 9, kisha tukahamisha jambo mojamoja baada ya kuuliza kama bado linahitajika. Ilikuwa busara, kwani faili la zamani lilitaja JasperListener, ambayo haipo tena tangu Tomcat 8, na lilitaja kiunganishi (sehemu ya seva inayopokea maombi) cha Http11Protocol, ambacho nacho kimeondolewa. Kiunganishi cha AJP tulikifunga kabisa, tukaiacha seva ya mbele izungumze na Tomcat kwa HTTP ya kawaida. Jambo moja dogo lilitushtua wakati wa majaribio: majina yenye herufi zilizowekewa alama yalianza kutoka yamevurugika kwenye kurasa za utafutaji. Tomcat 7 husoma anwani kwa ISO-8859-1 isipoelezwa vinginevyo, ilhali tangu Tomcat 8 chaguo-msingi ni UTF-8, na mwandishi wa kwanza wa programu alikuwa ameweka mistari miwili ya kugeuza herufi kutoka usimbaji mmoja kwenda mwingine. Mistari iliyokuwa dawa ikageuka sumu. Tukaifuta.

Draiva ya MySQL, yaani maktaba inayoiunganisha programu na kanzidata yetu, nayo ilitupatia nusu siku ya kazi. Tulitoka Connector/J 5.1 kwenda 8.0, ambako jina la darasa ni com.mysql.cj.jdbc.Driver, lile la zamani bado linakubalika lakini kwa manung'uniko kwenye logi. Draiva mpya ilikataa kuunganisha mara ya kwanza, kwa sababu kanzidata ilijitambulisha kwa kifupi cha majira ya saa ambacho draiva haikukielewa, ikatulazimu kuongeza sifa ya serverTimezone kwenye anwani ya muunganisho. Hapa pana mtego wa kuangalia: ushauri unaozagaa ni kuandika UTC ili kosa liondoke, na kweli kosa huondoka, ila kama saa zilizomo kwenye kanzidata ziliandikwa kwa majira mengine, kila tarehe huhama kwa saa kadhaa bila mlio wowote. Tuliandika jina kamili la eneo ambalo seva ya kanzidata ilikuwa ikilifuata tangu mwanzo. Faili la draiva tuliliweka kwenye saraka ya lib ya Tomcat, si kwenye WEB-INF/lib, kwa kuwa akiba ya miunganisho huundwa na seva yenyewe, na seva haioni kilichomo ndani ya programu.

Neno akiba hapa linahitaji maelezo kidogo, maana kisa chote kimesimama juu yake. Kufungua muunganisho mpya wa kanzidata kwa kila ombi la mtumiaji ni gharama kubwa, kwa hiyo seva hufungua miunganisho kadhaa na kuitunza pamoja. Ombi likija huazima mmoja, hulifanya jambo lake, kisha huurudisha. Katika msimbo, kurudisha huko huandikwa kwa amri ya close, ingawa kwa hakika hakuna kinachofungwa. Mtu akiazima asirudishe, akiba hupungua kwa mmoja, na hakuna anayejua hadi iishe.

Haya ndiyo mapangilio ya zamani tuliyoyanakili, nikiwa nimeondoa jina la mtumiaji na nenosiri:

<Resource name="jdbc/majalada" type="javax.sql.DataSource"
  maxActive="100" maxIdle="30" maxWait="10000"
  removeAbandoned="true" removeAbandonedTimeout="300"
  logAbandoned="false" ... />

Tulibadilisha jina la draiva na anwani, tukaacha mengine. Programu iliwaka. Watu wanne waliijaribu kwa siku tatu: waliingia, walitafuta majalada, waliyafungua, walichapisha ripoti. Hakuna aliyelalamika.

Siku ya kwanza ya matumizi halisi, mambo yalikwenda sawasawa kwa karibu saa nzima. Kisha kurasa zikaanza kuzunguka bila kufunguka, kwanza za utafutaji, baadaye zote, hata ule ukurasa wa kuingilia ambao haugusi kanzidata hata kidogo. Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea. Tuliizima seva na kuiwasha, ikafanya kazi kwa dakika arobaini hivi, ikakwama tena. Mchana ule tuliiwasha upya mara nne.

Nakiri kwamba dhana zetu za kwanza zilikuwa za ovyo. Mwenzetu mmoja alishuku ukuta-kinga ulio kati ya seva mbili. Mwingine alipendekeza kupandisha max_connections ya MySQL, yaani kikomo cha miunganisho yote, ambayo kwa chaguo-msingi ni 151, nasi tukaipandisha, na haikubadilisha chochote. Mimi niliushuku mfumo mpya wa kuingiza na kutoa data wa Tomcat, kwa vile toleo la 7 lilikuwa likitumia kiunganishi cha aina ya zamani na toleo la 9 linatumia NIO. Dhana yenye sura ya ujuzi lakini isiyo na ushahidi wowote. Wakati huo wote kichakataji cha seva kilikuwa kimepumzika, na kanzidata nayo imepumzika zaidi. Hilo peke yake lingetosha kutuambia kwamba hapakuwa na kazi nzito iliyozidi uwezo, bali kulikuwa na watu wamepanga foleni mbele ya mlango uliofungwa.

Ufumbuzi ulianza tulipoacha kuiwasha seva upya na badala yake tukaitazama ikiwa imekwama. Kwa jstack, zana inayokuja na Java, tulichukua picha ya nyuzi, yaani njia za utekelezaji ambazo kila moja huhudumia ombi moja kwa wakati. Nyuzi za http-nio-8080-exec, ambazo kwa chaguo-msingi hazizidi 200, karibu zote zilikuwa zimesimama mahali pamoja: ndani ya GenericObjectPool.borrowObject, zikisubiri kuazima muunganisho. Ndiyo maana hata ukurasa wa kuingilia ulikufa. Haukuhitaji kanzidata, lakini ulihitaji uzi wa kuuhudumia, na nyuzi zote zilikuwa foleni. Kwa upande wa kanzidata tuliandika SHOW PROCESSLIST, amri inayoorodhesha miunganisho iliyopo, na kwa mtumiaji wa programu yetu ikatoka mistari minane. Yote minane ilisomeka Sleep, na safu ya muda ilionyesha sekunde zinazopanda: 2,100 na ushei kwa mmoja, 1,800 kwa mwingine, na kuendelea. Miunganisho minane iliyolala, na nyuzi karibu mia mbili zikiilalia mlangoni.

Ni namba nane ndiyo iliyotuzindua. Hakuna mahali popote kwenye mapangilio yetu palipoandikwa nane. Palikuwa na mia moja. Basi nani ameandika nane?

Jibu lilikuwa kwenye logi ya catalina.out, limeandikwa kila mara tulipoiwasha seva, tangu siku ya kwanza ya majaribio. Kulikuwa na maonyo matatu mfululizo. La kwanza lilieleza kwamba sifa ya maxActive haitumiki katika DBCP2, maktaba inayoendesha akiba ya miunganisho, kwamba sasa ni maxTotal, kwamba chaguo-msingi la maxTotal ni 8, na kwamba thamani ya 100 tuliyoweka inapuuzwa. La pili lilisema hivyo hivyo kuhusu maxWait, ambayo sasa ni maxWaitMillis na ambayo isipowekwa humaanisha kusubiri bila kikomo. La tatu lilihusu removeAbandoned, ambayo imegawanywa kuwa removeAbandonedOnBorrow na removeAbandonedOnMaintenance, zote zikiwa zimezimwa kwa chaguo-msingi. Tomcat 7 ilikuwa imebeba toleo la kwanza la maktaba ya Commons DBCP. Kuanzia Tomcat 8 limebebwa toleo la pili, na majina hayo yalibadilika hapo. Sijawahi kuona programu inayoeleza kosa la msimamizi wake kwa adabu na ukamilifu namna ile. Sisi tulikuwa tukiichuja logi kwa neno SEVERE tu, na haya yaliandikwa WARNING.

Kwa hiyo kwa kunakili faili moja tulifanya mambo matatu kwa pamoja bila kukusudia: tulishusha akiba kutoka 100 hadi 8, tuliondoa kikomo cha sekunde 10 za kusubiri, na tulizima utaratibu wa kunyang'anya miunganisho isiyorudishwa. Lolote kati ya hayo likitokea peke yake lingevumilika. Akiba ya minane ingetuletea foleni fupi za saa za shughuli nyingi. Kikomo cha sekunde 10 kingetupa ujumbe wa kosa unaosomeka, na tungejua pa kuanzia ndani ya dakika tano. Yakikutana yote matatu, hupati kosa wala foleni fupi, unapata ukimya.

Lakini bado swali lilibaki, na kwangu hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Ikiwa akiba ina miunganisho minane na kila ombi humaliza kazi yake kwa sehemu ndogo ya sekunde, watumiaji wetu wasingeweza kuimaliza. Miunganisho ile haikuwa kazini. Ilikuwa imelala kwa zaidi ya nusu saa. Kuna mtu aliyekuwa akiazima bila kurudisha, na hakuanza juzi. Hapo ndipo msimamizi wa kanzidata alipokumbuka kwamba kwa miaka kadhaa, kila ifikapo mchana, seva ya zamani ilikuwa ikionyesha miunganisho tisini na kitu, na kwamba yeye alikuwa akiichukua hali hiyo kama dalili ya matumizi makubwa. Hesabu ilikubali kabisa. Katika DBCP, unyang'anyaji wakati wa kuazima hufanyika pale tu miunganisho iliyo mikononi inapokuwa zaidi ya kikomo ukitoa tatu, huku iliyo huru ikiwa chini ya miwili. Kwa kikomo cha 100, maana yake ni kuvuja hadi kufikia 98, kisha kufagia yote iliyoshikwa kwa zaidi ya sekunde 300, kisha kuanza upya. Na kwa kuwa logAbandoned ilikuwa false, ufagio ule haukuacha hata mstari mmoja kwenye logi. Yule aliyeandika mapangilio yale aliujua uvujaji, akauwekea ndoo chini, akaondoka.

Kulikuwa na njia ya mkato, na tuliijadili kwa dhati. Tomcat ina akiba nyingine ya pili, inayoitwa Tomcat JDBC Pool, ambayo bado inaelewa majina ya zamani ya maxActive, maxWait na removeAbandoned. Kuongeza sifa moja ya factory yenye thamani org.apache.tomcat.jdbc.pool.DataSourceFactory kungerudisha hali ya zamani jioni ile ile. Niliipinga, si kwa sababu akiba hiyo ni mbaya, maana ni nzuri na wengi wanaitumia, bali kwa sababu ingerudisha ndoo chini ya tundu, na sasa tundu tulikuwa tumeliona. Tulikubaliana kuvuka usiku ule kwa majina mapya, na kumtafuta mwizi kesho yake.

Mapangilio ya muda yalikuwa maxTotal 40, maxIdle 20, minIdle 5, na maxWaitMillis 10000. Hatukurudisha 100, kwa kuwa kanzidata ile inahudumia pia kazi za usiku na programu nyingine mbili, na kikomo cha 151 ni cha wote. Tungekuja kuongeza seva ya pili ya Tomcat yenye 100 yake, tungeanza kuona ujumbe wa Too many connections siku ambayo hakuna aliyegusa kitu. Tuliwasha removeAbandonedOnMaintenance pamoja na logAbandoned, tukaweka timeBetweenEvictionRunsMillis kuwa 30000, kwani bila sifa hiyo ya mwisho mzunguko wa usafi haufanyiki kabisa na ile ya kwanza inabaki pambo. Hatukuweka validationQuery. Katika DBCP2, testOnBorrow, yaani kuujaribu muunganisho kabla ya kuuazimisha, imewashwa kwa chaguo-msingi, na pasipo swali la kujaribia hutumia isValid ya draiva yenyewe, jambo linalotosha kuukamata muunganisho ambao MySQL imeukata baada ya kukaa bure kwa wait_timeout ya sekunde 28,800. Kwa sababu hiyo hiyo tuliondoa autoReconnect, sifa ya draiva ya kujiunganisha upya, kwenye anwani.

Kumtafuta mwizi kulichukua muda mfupi kuliko nilivyohofia, kwa hila moja rahisi: kwenye mazingira ya majaribio tuliweka maxTotal kuwa 2. Kwa akiba ya miunganisho miwili, kitendo chochote kinachovuja hujidhihirisha mara ya tatu kinapofanywa. Tulipita kurasa zote moja baada ya nyingine, kila kitendo mara tatu. Kuingia, sawa. Kufungua jalada, sawa. Kutafuta, sawa. Kisha mwenzetu akakosea kuandika namba ya jalada, akaandika isiyokuwepo, akarudia kosa, akarudia tena, na programu ikakwama.

Msimbo ulikuwa hivi. Mbinu ya utafutaji inaazima muunganisho, inatekeleza swali, kisha inauliza kama kuna safu yoyote iliyopatikana. Kama hakuna, inarudisha orodha tupu papo hapo kwa return. Amri ya close iko mistari kumi na minne chini yake. Anayetafuta jalada lililopo anaufikia mstari wa kurudisha muunganisho. Anayetafuta lisilokuwepo anatoka kwa mlango wa nyuma na muunganisho mfukoni. Ndiyo maana majaribio ya siku tatu hayakuonyesha kitu: wale watu wanne walikuwa wakitafuta majalada waliyoyajua. Watumiaji halisi hutafuta kwanza ili wahakikishe kwamba jalada halijasajiliwa, ndipo walisajili. Kila usajili mpya ulikuwa umetanguliwa na utafutaji usiopata kitu, na utafutaji wa nane ulikuwa unaizima seva.

Marekebisho yalikuwa ya kuandika upya mbinu hiyo kwa try inayotangaza muunganisho ndani ya mabano yake, ambayo ipo tangu Java 7 na inayoufunga muunganisho kwa njia yoyote ambayo msimbo utatokea, iwe kwa return ya mapema au kwa hitilafu. Tulitafuta mahali pengine penye mtindo ule ule wa kufunga mwishoni, tukapata kumi na moja. Tisa kati ya hapo palivuja pale tu swali liliposhindwa, kwa hiyo pengine pasingetusumbua kwa miaka. Tulipatengeneza pote. Jaribio la mwisho lilikuwa la kutafuta namba isiyokuwepo mara hamsini mfululizo kwa maxTotal ya 2, huku tukiitazama akiba kupitia JMX, njia ya Java ya kuchungulia programu ikiwa inaendeshwa, na hesabu ya miunganisho iliyo mikononi ilirudi sifuri kila mara.

Tangu hapo miunganisho iliyo kazini kwa wakati mmoja, katika saa za shughuli nyingi, haijavuka kumi na mbili. Kwa hiyo 40 ni nyingi, na huenda tukaishusha. Unyang'anyaji wa miunganisho tumeuacha umewashwa kwenye majaribio tu. Kwenye seva ya kazi tumeuzima, kwa kuwa kuna ripoti moja ya mwisho wa mwezi inayochukua zaidi ya dakika tano, na sasa tumeelewa kwa nini kwenye seva ya zamani ripoti hiyo ilikuwa na tabia ya kukatika katikati siku zenye watu wengi, na kumlazimu mhasibu aiombe upya usiku.